Simu ya Upepo Mpakani: Inafika Wapi, Inakwama Wapi

Ukiwa Busia, karibu na kituo cha pamoja cha mpakani, simu ya mkononi huwa haina hakika iko nchi gani. Mnara wa Uganda ukiizidi nguvu minara ya Kenya, laini inahama yenyewe, na ujumbe wa kukukaribisha Uganda unaingia ungali unasubiri chapati yako upande wa Kenya. Mpango wa Mtandao Mmoja, ambao nchi za Ukanda wa Kaskazini zilianza kuutekeleza 2014, ulishusha bei ya kupiga simu ukiwa nje ya nchi. Hata kabla ya hapo, watu wa Busia na Malaba walikuwa wamejitafutia dawa yao: laini mbili, moja ya huku na moja ya kule. Kwa mama anayeuza mitumba au kijana wa bodaboda, hilo linatosha.

Halimtoshi kila mtu. Chukua yadi ya malori pale Malaba. Kuna mlinzi wa geti, kuna msimamizi ofisini, kuna mtu wa kuelekeza malori yanaporudi nyuma, kuna kijana wa kukimbiza karatasi kwa wakala wa forodha, na kuna wapakuzi. Lori likiingia, wote hao wanahitaji kujua jambo lilelile, dakika ileile. Msimamizi akianza kumpigia mmoja mmoja, wa tatu hajapokea na lori limeshaziba njia. Kundi la WhatsApp nalo halimsaidii mtu ambaye mikono yake imeshika kamba. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayoiita simu ya upepo, ile ambayo wengine huiita woki-toki na walinzi huiita redio tu.

Wengi huinunua wakidhani ni simu isiyotaka vocha. Wanaifungua, wanaijaribu nyumbani kwa furaha, kisha baada ya wiki wanailalamikia: haifiki mbali, watu wasiojulikana wanaingilia, huwezi kumkatiza anayesema. Malalamiko yote matatu ni ya kweli, na yote yanatoka mahali pamoja. Simu yako ina mtu wa katikati, yaani kampuni yenye minara, mitambo na orodha ya nani ampate nani. Redio ya mkononi haina mtu wa katikati. Ndiyo sababu haina bili, na ndiyo sababu pia kila kilichokuwa kikifanywa na kampuni kwa niaba yako sasa ni juu yako wewe mwenyewe: kufika, kupokezana zamu, kutunza siri na kutafuta kibali.

Ukibonyeza kitufe cha pembeni, sauti yako inapandishwa kwenye mawimbi, antena inayarusha pande zote, na kila redio iliyo karibu kwenye masafa hayo inayapokea moja kwa moja. Ukiachia kitufe, redio inarudi kusikiliza. Haiwezi kufanya yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa antena ni ileile na masafa ni yaleyale. Muda wako wa kusema ndio muda wako wa uziwi. Mtu anayeshikilia kitufe huku akifikiri atasema nini hajui kwamba mwenzake anaita msaada.

Redio nyingi za kazi hutumia mojawapo ya makundi mawili ya masafa: la chini, kati ya megahezi 136 na 174, au la juu, kuanzia 400 hadi kama 470. Baofeng UV-5R, redio ya Kichina iliyosambaa duniani kote kwa sababu ya bei yake, inashika makundi yote mawili kwa nguvu ya wati nne au tano hivi. Tofauti ya makundi haya inaonekana kwenye antena. Wimbi la megahezi 150 lina urefu wa mita mbili. La megahezi 450 lina sentimita 67. Antena nzuri ya kubeba huwa robo ya wimbi, hivyo kundi la chini linataka sentimita 50 na la juu linatosheka na 17. Kifimbo kifupi cha mpira kinachokuja na redio ni maafikiano kati ya ubora na mfuko wa shati. Kwa maeneo ya wazi, mashamba ya miwa na vichaka, kundi la chini hufanya vizuri zaidi kidogo. Kwa majengo, maduka na yadi iliyojaa makontena, chukua la juu, kwa sababu mawimbi mafupi hupenya kwenye mianya na kudunda vizuri zaidi.

Makontena yanastahili neno la ziada, maana ndiyo mandhari ya Malaba. Kontena ni sanduku la chuma, na wimbi la redio halipiti kwenye chuma. Mlinzi aliyesimama nyuma ya safu mbili za makontena anaweza kupotea kabisa akiwa mita 80 tu kutoka ofisini, kisha akasogea hatua tatu ubavuni na kusikika kama yuko mlangoni. Hakuna kilichoharibika. Mawimbi yanayomfikia yamedunda huku na huku, mahali pengine yanasaidiana na mahali pengine yanafutana. Dawa ya kwanza ya redio isiyosikika ni miguu: sogea kidogo, inua redio isimame wima karibu na uso badala ya kuining'iniza kiunoni, ambako mwili wako mwenyewe unaziba upande mmoja, kisha ujaribu tena.

Sasa tuje kwenye umbali, ambapo maboksi ya redio husema uongo mwingi. Boksi litaandika kilomita 30, na muuzaji atakuapia. Mawimbi ya makundi haya husafiri kama mwanga wa tochi, kwa mstari, yakipinda kidogo tu kufuata mgongo wa dunia. Kuna hesabu rahisi ya kujua upeo wake: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, zidisha kwa 4.12, na unapata kilomita. Fanya hivyo kwa pande zote mbili, kisha ujumlishe. Watu wawili walioshika redio kwenye urefu wa mita moja na nusu wanapata kama kilomita tano kila mmoja, jumla kumi. Hizo ni kilomita za uwanda mtupu usio na mti wala nyumba. Ndani ya mji wa Busia, kati ya kuta, mabati na malori, kilomita moja hadi mbili ni matarajio ya mtu mwenye akili.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha kwa nini kununua redio yenye nguvu maradufu ni njia mbaya ya kutumia pesa. Kutoka wati tano hadi kumi kunaisafisha sauti kidogo pembezoni, lakini hakusogezi upeo hata mita moja, kwa kuwa kinachokuzuia ni mgongo wa ardhi. Kinachosogeza upeo ni kimo. Kutoka Busia hadi Malaba, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 28. Mtu mwenye redio ya mkononi Malaba angehitaji antena ya Busia isimamishwe juu ya mlingoti wa mita 30 hivi ili wasikilizane kwa shida, tena kama nchi ya Teso iliyo katikati ingekuwa tambarare kabisa. Lakini ukiuweka mlingoti huohuo katikati ya njia, upande wa Amukura ambako kuna vilima, kila mji unakuwa na safari ya nusu tu, na kilima kinakuongezea kimo bila malipo.

Mlingoti wa katikati hautafaa kitu bila ripita. Ripita ni redio pacha inayosikiliza kwenye masafa moja na papo hapo kurudia ilichokisikia kwenye masafa mengine, kwa nguvu zaidi na kutoka juu. Redio za mkononi zinapangwa kinyume chake: zinarusha pale ripita inaposikiliza na kusikiliza pale ripita inaporusha. Hapo mtu wa Busia na mtu wa Malaba wanaongea kana kwamba wako ua mmoja. Gharama yake si ndogo. Ripita inataka umeme usiku na mchana, inataka mtu wa kuilinda, na katika ukanda huu wa Magharibi na bonde la Ziwa Victoria, ambako radi ni jirani wa kila alasiri ya mvua, inataka waya mnene wa kupeleka radi ardhini. Ripita isiyo na waya huo ni sadaka.

Mfano ulio wazi zaidi wa faida ya kimo unaonekana ukiwa Malaba na kutazama magharibi. Jiwe la Tororo lina kilele cha mita 1,483 juu ya usawa wa bahari na limeuacha uwanda unaolizunguka chini yake kwa mita kama 300. Weka 300 kwenye hesabu yetu na utapata upeo wa kilomita 70 na ushei. Redio ya wati tano iliyo juu ya jiwe hilo inaweza kusikika Malaba, Busia na mbali zaidi, wakati redio ileile chini mjini Tororo isingefika hata mpakani. Tunda hilo, kwa bahati mbaya kwa mfanyabiashara wa Kenya, liko kwenye mti wa jirani. Suala la mipaka tutalirudia.

Kuna siku ambapo umbali unakuwa tatizo halisi la Malaba. Mwaka 2020, vipimo vya korona vilipoanza kudaiwa kwa madereva, na tena Januari 2022, foleni ya malori ilirudi nyuma kuelekea Bungoma kwa makumi ya kilomita. Hakuna redio ya mkononi itakayokupeleka kutoka mkia wa foleni hiyo hadi geti la forodha. Kinachowezekana ni kupokezana: mtu wa kilomita ya tatu anamsikia wa geti na kumrudishia wa kilomita ya sita, kama vijiti vya mbio. Njia hiyo ni ya polepole na ujumbe hupoteza meno kila unapopita kinywa kingine, ila ujumbe mfupi hufika. "Foleni ya mafuta, vuta mbele." Ujumbe wa maneno matano hupita watu watano bila kuharibika. Wa maneno 40 hufika ukiwa hadithi nyingine.

Hapo tunaingia kwenye jambo ambalo wanunuzi hulidharau na ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko aina ya redio: namna ya kusema. Watu wawili wakibonyeza kwa pamoja, redio hizi hazichanganyi sauti zao kama chumba cha mkutano. Mfumo wake wa kupandisha sauti kwenye mawimbi humpa ushindi mwenye nguvu zaidi na kummeza mwingine, au nguvu zikilingana, wote wanageuka mluzi. Anayemezwa hajui kwamba amemezwa. Ndiyo sababu marubani hadi leo wanaongea kwa mfumo wa zamani zaidi, ambao unapiga kelele mbaya wawili wakigongana. Heri kelele kuliko ukimya unaodanganya. Sisi wa ardhini tunajilinda kwa adabu.

Sikiliza mazungumzo ya yadi inayojua kazi yake.

"Ofisi, ofisi, hapa geti."

"Geti, sema mzee."

"Lori la sukari limefika. Mlango upi? Ova."

"Mlango wa pili, kulia. Asubiri la mahindi litoke kwanza. Ova."

"Mlango wa pili, kulia, asubiri la mahindi. Sawa mkubwa."

Anayeitwa ametajwa kwanza, kwa sababu jina lako ndilo linalokutoa kwenye usingizi. Jina la anayekuita hulisikia ukiwa tayari umeamka. Kila kauli ina jambo moja au mawili. Na geti amerudia maagizo kabla ya kuyatekeleza, jambo linalochukua sekunde tatu na kuokoa saa nzima. Kitu kimoja hakionekani kwenye maandishi: kila mmoja anabonyeza kitufe, ananyamaza kwa pumzi moja, ndipo anaanza. Redio huchukua nukta kidogo kuamka. Asiyengoja hukata kichwa cha maneno yake, na "usifungue" hufika kwa mwenzake ikiwa "fungue".

Nambari na herufi ndizo zinazoumiza zaidi. Nambari ya kontena ina herufi nne, ya mwisho ikiwa kwa kawaida U, halafu tarakimu sita na moja ya kuhakiki. Kosea tarakimu moja na mtu atatumwa kutafuta sanduku lililoko Mombasa. Zisome kwa mafungu, herufi kwanza, kisha tatu, tatu, na ya mwisho peke yake, na msikilizaji azirudie. Kwenye mkwaruzo wa hewa, sita na tisa ni mapacha, na yadi nyingi zimekwepa balaa hilo kwa kutaja tarakimu kwa Kiingereza. Herufi nazo zina msaada wake. Dunia ya ndege ina orodha yake ya Alfa, Bravo, Charlie tangu 1956. Mpakani utasikia B ya Busia, M ya Malaba, T ya Tororo. Sioni ubaya wake maadamu wote mmekubaliana orodha moja na kuibandika ukutani. Ubaya huja pale kila mtu anapobuni yake na N inakuwa Nambale leo na Nairobi kesho.

Yadi inayojali huanza siku kwa kuitana, kila kituo kikiitika kwa zamu, ili betri mbovu ijulikane saa moja asubuhi badala ya saa nne usiku. Na wote wanajua kwamba neno "dharura" likitajwa mara mbili, kila mtu anaachia kitufe chake na kunyamaza hadi aliyelitaja amalize.

Kuhusu siri nitasema kwa ufupi. Haipo. Redio ya kawaida inasikika na yeyote mwenye redio kama yako ndani ya upeo, awe ng'ambo ya mpaka au chumba cha jirani. Menyu ina kitu kinachotangazwa kama msimbo wa faragha, na wengi hudanganyika hapo. Hiyo ni toni ya chini, kati ya hezi 67 na 254, inayoongozana na sauti yako ili redio za kundi lako zifunguke kwa sauti hiyo tu. Inakuzuia wewe kuwasikia wengine. Haiwazuii wao kukusikia wewe. Kwa hiyo usitaje kiasi cha pesa kinachoenda kwa mbadilishaji, saa ambayo mlinzi wa usiku analala, wala jina la mgonjwa na ugonjwa wake. Redio za kidijitali zinaweza kufungwa kwa ufunguo wa siri, lakini bei inapanda na redio zako za zamani hazitazielewa.

Inaposemwa kwamba teknolojia hii ni ya zamani, ni kweli. Wanajeshi walikuwa wakiibeba mgongoni, zaidi ya kilo 14, katika Vita Vikuu vya Pili. Lakini kisa kinachotufundisha zaidi kiko jirani, wilaya ya Iganga huko Uganda, kwenye barabara inayotoka Busia kwenda Jinja. Mwaka 1996, kabla simu za mkononi hazijafika vijijini, Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu lilisaidia kuanzisha mradi uliojulikana kama RESCUER. Wakunga wa jadi walipewa redio za mkononi, vituo vya afya vikawekewa redio za mezani, na magari ya wagonjwa yakawekewa zake. Umeme wa jua uliendesha nyingi kati ya hizo. Mama akishikwa na uchungu usio wa kawaida, mkunga aliita kituo, kituo kikatoa ushauri au kikaita gari.

Taarifa za mradi zilisema vifo vya uzazi vilipungua kwa karibu nusu ndani ya miaka mitatu. Mtu asilisome hilo kama muujiza wa redio. Redio ilileta habari. Gari ndilo lililombeba mama, na nesi aliyekuwa macho ndiye aliyempokea. Kilichofanya kazi Iganga ni kwamba kila aliyeita alijua nani ataitika na ataitika kwa kitu gani. Nimeona vikundi vya ulinzi na kamati za makanisa zikinunua redio kumi kwa pesa za mchango bila kujiuliza swali hilo. Redio kumi, na hakuna aliyepewa zamu ya kusikiliza.

Swali hilo linarudi kila mwaka kusini mwa Kaunti ya Busia, huko Bunyala, Mto Nzoia unapovunja kingo na vijiji kama Rukala kubaki visiwa. Minara ya simu ina betri na jenereta, lakini barabara ikizama, mafuta ya jenereta hayafiki. Umeme ulipokatika karibu Kenya nzima usiku wa Agosti 25, 2023, nchi ilipata kionjo cha jinsi vitu vinavyotegemeana. Redio nne zilizochajiwa kwa paneli ndogo, moja kwa chifu, moja kwenye mtumbwi, moja zahanati na moja kambini, zinaweza kufanya kazi ya maana siku mbili tatu. Betri zinapimwa kwa mazoea ya sehemu tano kusema, tano kupokea na 90 kungoja kimya, kwa hiyo anayepiga porojo anaimaliza ya siku nzima kabla ya adhuhuri.

Sasa sheria, ambayo wauzaji huiruka. Ulaya imetenga masafa karibu na megahezi 446 kwa redio ndogo za nusu wati ambazo mtu yeyote anaweza kutumia bila leseni. Marekani imetenga yake karibu na 462 na 467. Ruhusa hizo hazisafiri na redio kwenye begi la shangazi anayerudi kutoka ughaibuni. Masafa yaliyo huru kwao yanaweza kuwa yamegawiwa mtu mwingine hapa. Kenya inasimamia mambo haya kwa Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998, na kwa kawaida mwenye mtandao wa redio za kazi anaomba Mamlaka ya Mawasiliano impe masafa na kulipia ada, kwa kutumia vifaa ambavyo Mamlaka imeviidhinisha. Kurusha bila kibali ni kosa. Redio ya bei nafuu inayoweza kuongea popote kati ya 136 na 174 ina ubaya wake hapa: inaweza pia kuingia kwenye masafa ya polisi au ya gari la wagonjwa, kwa kidole kimoja kilichoteleza.

Upande wa pili wa mpaka, kila kitu kinaanza upya. Uganda ina Tume yake ya Mawasiliano na sheria yake ya 2013. Leseni ya Kenya inakoma pale Kenya inapokoma. Hapa ndipo mpaka unapokuwa na kituko chake, kwa sababu tangu marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walipofungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia Februari 2018, maafisa wa nchi hizi mbili wanafanya kazi chini ya paa moja. Serikali zina mikataba ya kupanga mambo yao. Wakala wa forodha hana. Akivuka na redio kiunoni ili amwongoze dereva wake hadi upande wa Uganda, ameingia nchi nyingine akiwa na kifaa cha kurusha mawimbi kisicho na kibali, na kwenye mji wenye njia za panya nyingi kama huu, mtu mwenye redio huulizwa maswali. Mwache aiache getini na achukue simu yenye laini ya Uganda.

Lakini mawimbi yenyewe yanavuka bila kuulizwa. Ule mlingoti wa Amukura tuliouwaza utamwaga sauti hadi Tororo hata kama hakuna anayeutaka huko. Nchi zinalijua hilo. Kanuni za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano zinawataka majirani washauriane kuhusu mitambo ya karibu na mipaka ili mmoja asimzibe mwingine, na Afrika Mashariki ina jukwaa lake la wasimamizi wa mawasiliano, EACO. Kwa mwombaji wa kawaida, maana yake ni kwamba ombi la ripita karibu na Malaba si sawa na ombi la ripita Nakuru. Linaweza kuhitaji antena inayoelekeza nguvu mashariki na kuupa mpaka mgongo, au nguvu iliyopunguzwa, au masafa tofauti na yale yaliyokwisha kugawiwa kule.

Ndiyo sababu siku hizi kuna redio za namna nyingine sokoni, zenye umbo la woki-toki na kitufe chake, lakini ndani zina laini ya simu. Ukibonyeza, sauti inaenda kwa intaneti ya simu hadi kwenye seva na kurudi kwa wenzako, wawe Mombasa au Eldoret. Zinafaa sana kwa kampuni ya malori inayotaka kumsikia dereva njia nzima. Ila mtu wa katikati amerudi: hakuna mtandao, hakuna redio. Na Busia laini yake inahama kwenda Uganda kama simu nyingine yoyote. Januari 2021, serikali ya Uganda ilipofunga intaneti siku kadhaa wakati wa uchaguzi, kifaa cha aina hii kilichoshika mnara wa kule kingeweza kugeuka kipande cha plastiki.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji atoe laini kwenye redio zote mbili, ikiwa zina mahali pa laini, kisha mwende nje, mmoja asimame nyuma ya lori. Zikiendelea kuongea, ni redio za upepo. Zikinyamaza, ni simu zilizovaa koti la redio, na bei yake iwe ya simu. Halafu mwenye yadi Malaba aombe kibali cha masafa mawili ya kuongea moja kwa moja bila ripita, awe na betri ya akiba kwa kila redio, na suala la mlingoti aliache hadi atakapokuwa na tawi la Busia la kuongea nalo.